Maswali ya Wasomaji: Nimetuma mbegu na mbolea, baba mdogo kapanda kama zamani

Meseji za msimu huu karibu zote zimetoka kwa wakulima wa simu, yaani mtu yuko Dar, shamba liko mkoani na katikati kuna ndugu. Nimechukua nne tu, zilizobaki zinafanana na hizi.

Shikamoo bibi shamba. Mimi niko Mbezi Luis, nauza spea za pikipiki Kariakoo. Mwaka huu nikasema nimuinue baba mdogo kule Kilosa, katikati ya Machi nikamtumia mbegu chotara ya mahindi kilo 20 za heka mbili, mbolea ya kupandia mifuko miwili na ya kukuzia miwili, nikampigia nikamuelekeza kila kitu, mstari kwa mstari sentimita 75, shimo kwa shimo 30, mbegu moja moja, palizi mbili. Pasaka nimeenda nimekuta mistari iko kwenye robo tatu ya heka tu, kwingine kote kapanda kwa macho kama enzi za babu, majani yamepanda, mfuko mmoja wa kukuzia haupo na kila mtu anaangalia pembeni, na siku nafika wenyewe walikuwa wanapalilia shamba la mtu mwingine! Nimechoka. Hivi wazee wetu shida yao ni elimu au maendeleo hawayataki tu?

Marahaba mwanangu. Pole, najua hiyo hela hukuiokota. Ila swali lako la mwisho umeshalijibu mwenyewe mstari mmoja juu yake, umesema walikuwa wanapalilia shamba la mtu mwingine. Tuanzie hapo.

Kuanzia Februari hivi nyumba nyingi za kule chakula cha mwaka jana kinakuwa kinaelekea kwisha, na kitaendelea kuwa cha kuungaunga mpaka mahindi mabichi yatoke. Sasa mahindi yanataka palizi ya kwanza ndani ya wiki mbili tatu tangu yaote, ukijisahau ukaenda mpaka ya tano au ya sita gugu limeshakunywa mbolea na maji, hata ukija kulisafisha shamba likang'aa kilichopotea kimepotea. Kwa hiyo wiki ambayo shamba linamtaka baba mdogo kuliko wiki zote ndo wiki hiyohiyo ndani hakuna unga. Anafanyaje? Anaenda kupiga kibarua kwa mwenye hela, analipwa jioni, watoto wanakula jioni. Shamba lake analiona, analipita kila asubuhi jembe begani, na anajua linaharibika kuliko unavyojua wewe na mimi. Halafu mbolea ukiimwaga kwenye shamba ambalo halitapaliliwa unalisha majani, naye hilo analijua pia. Wewe umetuma vitu viwili ambavyo vyote vinaongeza kazi, mikono ya kuifanya hukutuma.

Mistari nayo. Kupanda kwa kamba kunataka watu watatu, wawili wameshika kamba mmoja anachimba, na kunataka utulivu, wakati mvua za kwanza zikidondoka kijiji kizima kinakimbizana nazo kwa sababu anayechelewa kupanda anaweza akakosa kabisa. Faida ya mistari inakuja kuonekana baadaye kwenye palizi, jembe linapita bila kukata mahindi. Siku ya kupanda yenyewe ni usumbufu mtupu.

Na mama mdogo ulimpigia? Nauliza kwa sababu maelekezo yote ulimpa baba mdogo, ila kwenye nyumba nyingi palizi inawaangukia wanawake na watoto, mwanaume anapokea simu mwanamke anapokea jembe. Kingine, shamba la kule haliwi mahindi peke yake, kati yake kuna kunde, kuna maboga, na hiyo ndo mboga ya nyumba mpaka mavuno. Ulivyosema mahindi tu kwa mistari, hukusema kunde ziende wapi. Sishangai mistari imekomea robo tatu. Ukirudi waulize wote wawili wakiwa pamoja, halafu muulize mama peke yake, utasikia majibu mawili tofauti.

Huo mfuko usiokuwepo usiufanyie kesi. Mbolea kijijini ni hela, ukitokea mchango wa shule au mtoto kaumwa inauzwa kama anavyouzwa kuku. Inawezekana pia hakuiamini. Kuna utafiti ulifanyika mkoani kwenu Morogoro ukachapishwa 2021, wakulima wengi walikuwa na uhakika mbolea ya madukani imechakachuliwa, sampuli zilivyopelekwa maabara ikaonekana iko sawa. Kilichowatisha zaidi ni muonekano, mabonge na rangi iliyobadilika, kumbe ni unyevu wa stoo tu. Kwa hiyo yule mtu hakatai mbolea, anakataa kupigwa, na ukikumbuka Dar hapa tunavyokagua mpaka sukari ya kupima utamuelewa.

Ile robo tatu ya heka wewe umeiona kama dharau, mimi nimeifurahia. Ni majaribio. Mbegu chotara za mahindi zilivyoanza kusambaa Iowa, Marekani, mwaka 1928, wakulima wa kule, watu wenye shule na magari, walianza na kipande kidogo, wakaangalia, msimu unaofuata wakaongeza, na mpaka karibu wote waingie ilifika 1941. Watafiti walivyowahoji waligundua wauza mbegu ndo waliowapa habari, ila majirani ndo waliowafanya waamini. Kwa hiyo mwaka mmoja kwa baba mdogo sio mbaya hata kidogo. Na wenzie wanamuangalia hapo kwenye hiyo robo tatu, hilo nakuhakikishia.

Mwakani fanya hivi. Heka moja badala ya mbili. Hela ya pembejeo usingoje Machi, ongea naye wakati wa mavuno akiwa na mahindi ndani, ikiwezekana na yeye achangie kidogo, vinunuliwe kabisa vikae. Kule magharibi mwa Kenya watafiti walijaribu hili, wakawauzia wakulima mbolea muda mfupi tu baada ya mavuno na kuwafikishia bila kuwatoza nauli, waliotumia mbolea wakaongezeka, na matokeo yalichapishwa 2011. Bei ya mbolea yenyewe haikushushwa, kilichobadilika ni nauli na siku ya kuuliza. Halafu tenga hela ya palizi peke yake, itume wiki ya pili mahindi yakishaota, itume kwa simu ya mama mdogo. Kama unaona mwakani hutaweza kununua mbegu tena, chukua TMV-1 au Staha, mbegu za mahindi zisizo chotara, za ukanda wa chini hizo, unachagua magunzi mazuri unarudia misimu miwili mitatu bila kuanguka sana, wakati chotara ukirudia nafaka yake unavuna mahindi yasiyojijua. Mfuko uwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu. Na mwambie ajiandikishe serikali ya kijiji apate mbolea ya ruzuku, ipo tangu msimu wa 2022/23, ila asijiandikishe halafu akangoja siku ya mvua kwenda kwa wakala, nauli ya boda na foleni vinaweza kula punguzo lote.

Bibi shamba mambo vipi, niko Mbagala, nimekodi heka moja Mkuranga nina mihogo na nafasi ya mahindi. NDAGO imeniua. Nimepalilia mara mbili inarudi nyingi kuliko mwanzo. Fundi mmoja akaniletea dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa, akaikoroga na maji ya dimbwi la hapohapo akapiga, ndago ikawa njano njano ikarudi, mihogo ya pembeni ndo ikafa. Ni feki? Na je nimwage samadi, maana ardhi imechoka.

Poa mdogo wangu. Feki inawezekana, hiyo dawa haina lebo na hakuna anayejua kilichomo, na hiyo chupa itoe nyumbani leo hii kabla mtoto hajaiona. Lakini hata ingekuwa halali kabisa isingefanya kazi vizuri, na sababu ni yale maji. Hiyo inayoua majani ya kila aina, glaifoseti, ikikutana na tope inang'ang'ania udongo, nguvu inaishia ndani ya bomba kabla hujapuliza. Inataka maji safi ya kisima au ya bomba, jani liwe kavu na mvua isinyeshe masaa kadhaa baadaye. Kama ilikuwa ndiyo hiyo, mihogo imekufa kwa sababu haichagui, upepo kidogo tu umetosha.

Ndago yenyewe chini ina vinundu vimeungana kama shanga kwenye uzi. Jembe linakata uzi, kila shanga inaota peke yake, ndo maana ukipalilia inaongezeka, hujakosea kuona. Ya kuipunguza ni kuiacha iote kwanza shamba likiwa halina mazao, ikishakuwa na majani mengi mabichi yanayokua ndo unapiga, dawa inashuka mpaka kwenye vinundu, unasubiri inyauke ndo unapanda. Palipo na mihogo tayari ni mkono na subira. Na ukiwa unapanda mahindi na kunde pamoja, usikubali mtu akupigie dawa ya mahindi kwa kuwa tu jirani kapiga, nyingi zinaacha mahindi zinaua kunde. Dawa hizi zimetengenezwa kwa shamba la zao moja, wengi wetu tunachanganya, na hii ni sababu mojawapo kubwa ya mama wa Mkuranga kukataa dawa akaonekana mshamba wakati amefikiri vizuri kabisa. Bomba lililopiga dawa ya magugu usilitumie kwenye nyanya zako. Glavu, buti, kitambaa puani, na nunua kwenye duka lenye kibali, chupa iwe imefungwa, imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na maelezo yawe ya Kiswahili.

Samadi sasa. Umekodi kwa muda gani? Kama ni msimu mmoja, usimwage. Samadi inalipa taratibu, mwaka wa pili na wa tatu, na huko Mkuranga shamba likishapendeza mwenye nalo anaweza akalipandisha bei au akampa shemeji yake. Ndago pia haiishi msimu mmoja. Kwa hiyo kabla ya samadi kaa na mwenye shamba muandikishane miaka mitatu, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, bei isibadilike. Akikataa, weka mbolea ya dukani kidogo kwenye shina, uvune uende zako. Wataalamu wakija wakikuta wapangaji hawarutubishi ardhi wanasema hawana uelewa, mimi nasema wanajua sana hesabu.

Shikamoo. Mama yangu yuko Kwimba analima mtama na mahindi, kuna kigugu cha maua ya zambarau kinadumaza kila kitu, wanang'oa mpaka wamechoka, sasa wameacha. Kuna dawa?

Marahaba. Hicho ni kiduha. Hicho hakishindani na mtama juu ya ardhi kama magugu mengine, kinajishika kwenye mzizi kinanyonya kikiwa bado chini, siku unakiona kimetoa kichwa mtama umeshaliwa. Ndo maana watu wanakata tamaa, mama kang'oa leo na mavuno ya mwaka huu hayajabadilika chochote. Faida ya kung'oa ni ya miaka ijayo, maana mmea mmoja ukiachwa ukomae unamwaga mbegu laini kama vumbi makumi ya maelfu, na zinakaa udongoni hata zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa nafaka upite karibu. Mtu mwenye njaa ya mwaka huu kumwambia afanye kazi ya mwaka wa kumi ni ngumu, na mpaka ulielewe hilo usimlaumu.

Kwa hiyo anza na vinavyolipa haraka. Kwimba pamba inalimwa, na pamba inaidanganya mbegu ya kiduha iote halafu ikose pa kujishika ife, karanga na kunde nazo zinasaidia kwa njia hiyohiyo, kwa hiyo kile kipande kibaya kuliko vyote kisipandwe nafaka mwaka mmoja au miwili. Samadi ya ng'ombe wa hapo hapo nyumbani, kiduha kinapenda ardhi iliyochoka, wazee wanaosema kiduha kinakuja ardhi ikizeeka wako sahihi. Upande wa mtama kuna mbegu mbili zinazokivumilia, Hakika na Wahi, zilitolewa nchini 2002, aulizie ofisi ya kilimo ya wilaya au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru hapo Misungwi. Kung'oa kuendelee ila kabla hakijatoa maua, na kichomwe.

Utasikia pia habari ya vuta sukuma, kupanda desmodiamu, majani ya malisho ya jamii ya kunde, katikati ya mistari, imetoka ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kenya, na kiduha inakidhibiti kweli na ng'ombe wanaila. Tatizo ni kwamba usukumani baada ya mavuno mifugo ya kila mtu inaingia kila shamba, na desmodiamu ndo kwanza iko kijani peke yake, itabaki? Mbegu yake ni ghali na haipatikani kirahisi, ingawa inashika pia kwa vipande vya shina. Mimi ningesema mama aanze na kipande cha nyuma ya nyumba chenye uzio wa miiba, na majani yake ayakate awalishe ndama wake mwenyewe. Kulipeleka shamba la mbali ni mpaka mkutano wa kijiji ukubaliane kuhusu mifugo, na hilo haliko mikononi mwake.

Mimi ni kijana wa Ubungo nafanya kazi na mradi wa mpunga Morogoro. Tukiwepo wakulima wanafanya kilimo shadidi vizuri kabisa, tukiondoka mwaka mmoja tu wamerudi kumwaga mbegu. Tuongeze mafunzo?

Hapana. Mafunzo wameshayapata, wanaweza wakakufundisha wewe. Nenda kawahoji walioacha, sio wale watatu wa kila siku mnaowapiga picha.

Shadidi unamwambia mtu apandikize mche mmoja mmoja wa siku 8 mpaka 12, mdogo kama jani la kitunguu, sentimita 25 kwa 25, halafu maji yasisimame muda wote. Sasa maji yasiposimama majani yanaota, kwa hiyo palizi inaongezeka, na ili maji yaje na kuondoka unavyotaka lazima jaruba liwe limesawazishwa na uwe karibu na mfereji mkuu. Aliyeko mwisho wa mfereji maji yanamfikia siku yanapojisikia, akiyapata anayafungia yasitoke, kwani ana wazimu? Wakati mradi upo mlikuwa na kipalizi cha kusukuma, mlikuwa na posho ya siku ya mafunzo, na mbegu mlitoa bure. Vyote vimeondoka na gari lenu.

Linganisha na SARO 5, mbegu ya mpunga. Hiyo mbegu nayo ilitolewa 2002, na sehemu nyingi imetembea yenyewe kutoka kwa jirani kwenda kwa jirani, kwa sababu inazaa, inanukia, mnunuzi anaitaka, na haimlazimishi mtu abadilishe namna anavyopanga siku yake. Halafu hapo Morogoro kumbuka wana kumbukumbu ndefu ya wataalamu. Enzi za mkoloni Waluguru walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani, kazi ya kuvunja mgongo iliyoleta juu udongo wa chini usio na rutuba, mpaka 1955 wakaandamana na mpango ukafa. Yale yalikuwa maamuzi ya watu wanaoijua milima yao, ila ukisoma taarifa za wakati ule wameandikwa kama wabishi, na taarifa zenu za leo sio kwamba zimebadilika sana lugha.

Kwa hiyo kama bado mna bajeti iliyobaki, usichapishe vipeperushi. Nunua vipalizi vitano sita, vikae kwa chama cha umwagiliaji vikodishwe kwa bei ndogo, hela ya kukodisha itengeneze vikiharibika, na fundi wa kuchomelea wa hapo kijijini mfundishe kutengeneza kingine. Wagawie kazi kwa mafungu, wa karibu na mfereji wafanye shadidi yote, wa mwisho wa mfereji wachukue mistari na mbegu tu, maji waachane nayo. Na bwana shamba wa kata, ambaye najua ana vijiji kadhaa na pikipiki isiyo na mafuta, muwekeeni mafuta ya wiki za palizi, sio za uzinduzi.